Nuru Iliyotoka Mitoni

Sayyid Barghash bin Said alipoleta Unguja mtambo wa stima mwaka 1875, apate kuangaza kasri lake na njia zilizo karibu nalo, nuru ya hadharani ilikuwa hiba ya mtawala, na raia hawakuwa na kazi nayo ila kuistaajabia. Huku bara nuru hiyo ilianza mtoni. Mwaka 1908 mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kuipatia Nairobi stima, na maji ya Mto Ruiru yakatiwa kazini; mji ukawaka taa, ilhali wakazi wa kandokando ya mto wenyewe, ambao ardhi yao ilikuwa imekwisha kugeuzwa mashamba ya walowezi, waliendelea kula chajio chao kwa moshi wa koroboi.

Reli ilifika mji jirani wa Thika mwaka 1913, na katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikajengwa katika Mto Thika, chenye uwezo wa megawati 2, kiasi ambacho leo ni haba mno. Baadaye mji ukapata viwanda vya nguo na vya kutia mananasi mikebeni, na taa za hadharani zikafuata mahitaji ya kazi: lango la kiwanda, stesheni, nyumba ya meneja. Mtaa wa vibarua ulikuja mwisho, na hiyo ni dhuluma ambayo haifai kusahauliwa.

Hata mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki alipofungua barabara kuu ya Thika, taa zake zilikusudiwa madereva. Walakini wachuuzi wa miji ya Ruiru na Thika walizipa kazi nyingine. Jua likichwa, utawaona wakitandika maturubai pale hasa mwanga wa nguzo unapoangukia, huyu na mitumba, yule na jiko la mahindi, na wale waliokosa nafasi chini ya nguzo wakitundika balbu zao za betri, hata soko zima likawa limepangwa kwa nuru pasipo amri ya mtu. Penye mlingoti wa mulika mwizi, yaani taa ndefu ya kuangaza mtaa, watoto nao hucheza mpaka waitwe na mama zao. Kwangu mimi hii ndiyo sanaa ya nuru ya miji hii, kwani taa haikamiliki mpaka watu waiitikie.

Mwitikio huo umewahi kutafutwa kwa mitambo mikubwa: kule Mexico City, mwisho wa mwaka 1999, msanii Rafael Lozano-Hemmer aliweka kurunzi kubwa 18 kuzunguka uwanja wa Zócalo, naye yeyote mwenye intaneti aliweza kuzielekeza angani apendavyo. Thika na Ruiru hazihitaji makuu hayo. Zinahitaji kaunti yao ya Kiambu, kabla ya kusimika nguzo nyingine, iwaulize wachuuzi na akina mama wa mitaa wanataka mwanga uangukie wapi, na stendi na vivuko vya miguu vitangulizwe mbele ya malango ya wenye mali.