Siku Ishirini na Sita

Aghalabu Vita vya Majimaji husimuliwa kama kisa cha watu waliodanganyika: mganga aliwapa maji, wakayaamini, risasi zikawamaliza. Simulizi hii ina ukweli ndani yake, ila hukatizwa mapema mno. Maji yalishindwa Agosti 1905, ilhali vita havikukoma hadi 1907. Waliopigana baada ya hapo walikuwa wakiamini nini?

Tuanze na pamba, kwani watu walifunzwa na pamba kabla ya kufunzwa na maji. Tangu 1902 Wadachi waliamrisha mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mtu aliliacha konde lake akenda kulima la jumbe, chini ya kiboko, na ujira ulikuwa mdogo hata wapo waliokataa kuupokea. Somo hilo halikuhitaji mwalimu. Lakini Mmatumbi aliijua dhiki yake na Mngindo yake, na dhiki iliyotawanyika haina nguvu.

Aliyezikusanya dhiki hizo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwaka 1904. (Ndivyo watafiti wengi wanavyoliandika jina lake, Kinjeketile ni wa tamthilia.) Watu walimiminika kwake kutoka mbali kufuata maji, wakarudi makwao wakiwa na neno moja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, miche ya pamba iling'olewa. Vita vikaanza.

Agosti 4 Wadachi walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Agosti 30, maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge, na bombomu zikawafyeka. Zihesabu siku hizo, msomaji: ni ishirini na sita. Aliyeifundisha imani hakuwahi kuiona ikijaribiwa Mahenge. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, alimwongezea uhai ili ayaone maangamizi, kisha akatae kutamka kuwa maji yalikuwa uongo, akichelea kwamba watoto wa kesho wangeambiwa wazee wao walikosea kupigana. Ni haki ya msanii kufanya hivyo, na amefanya vizuri. Lakini katika historia mtihani ule waliachiwa watu ambao wengi wao hatuyajui hata majina.

Nao walijibu kwa vitendo. Waliacha kuikabili ngome mchana kweupe, wakaingia vichakani kuvizia misafara. Imani ilipungua, maarifa yakaongezeka, na utayari wa kufa ukabaki palepale. Naona maji yaliwaondolea hofu ya kuanza. Lakini kurudi nyuma kulikuwa ni kurudi kwenye pamba, na hilo walikwisha kulionja.

Wadachi nao walijifunza. Huko Songea, Februari 27, 1906, waliwanyonga Wangoni kwa makumi. Walipoona kuwa bunduki haimalizi vita vya vichakani, walichoma vijiji na vyakula. Hesabu yao wenyewe ya waliokufa ilikuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wameifikisha 250,000 hata 300,000, wengi wao kwa njaa. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389.

Mwaka 1968 G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo, zikiwamo za wazee waliokuwa bado hai. Miaka sitini na zaidi ilikwisha pita, na wazee wale walikuwa bado wakiisimulia pamba: jembe, jua, na kiboko cha msimamizi.