Rafiki wa Dorothy: Sinema Kongwe kama Fumbo

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kivu hahitaji kufundishwa kwamba sinema huzaa lugha. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, walijiita "Bill" kwa kumwiga Buffalo Bill waliyemwona katika filamu za Kimarekani. Walivaa kama wachunga ng'ombe wa Texas, wakajigawia mitaa, na wakaunda usemi wao ambao wazazi na askari hawakuufuata kwa urahisi. Usemi huo uliitwa Hindubill, na jina lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa limeunganisha filamu za Kihindi na zile za Bill. Mwaka 1988 mwanaisimu Didier Goyvaerts alichapisha uchunguzi wake juu ya Indoubil ya Bukavu, akaonyesha kwamba huko usemi huo ulijengwa juu ya kiunzi cha Kiswahili.

Katika makala haya tunakusudia kumtazama jamaa wa mbali wa Indoubil, yaani mapenzi ya wanaume mashoga kwa sinema kongwe, hususa zile zenye mbwembwe nyingi. Mapenzi hayo yamechekwa mara kwa mara, hata na wasomi, kama upuuzi wa watu wapendao mapambo. Hoja yetu ni kwamba yalikuwa lugha ya watu waliokatazwa kusema, na kwamba mtu aliyelelewa katika Kiswahili, lugha yenye utajiri mkubwa wa mafumbo, ana zana nzuri za kuielewa.

Neno shoga nalo linadai maelezo. Huko Pwani mwanamke humwita shoga mwanamke mwenziwe aliye msiri wake. Papo hapo neno hilo hutumika kwa mwanamume apendaye wanaume, mara nyingi kwa dharau. Hapa tunalitumia bila dharau. Tutaona baadaye kwamba maana ile ya kwanza, ya usiri na urafiki, haiko mbali na mada yetu.

2.0 Kanuni iliyozaa fumbo

Mwaka 1930 wenye makampuni ya filamu ya Hollywood walikubaliana juu ya kanuni ya maadili, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hiyo ikatekelezwa kwa ukali. Miongoni mwa makatazo yake lilikuwamo lile la kuonyesha, au hata kudokeza, mapenzi ya watu wa jinsia moja. Katazo hilo lililegezwa kidogo mwaka 1961, na kanuni yenyewe ikaachwa mwaka 1968. Kwa muda wa kizazi kizima, basi, mwanamume shoga aliyelipa kiingilio chake hakuweza kumwona mtu wa namna yake katika pazia, isipokuwa kwa kuficha au kwa kejeli.

Kanuni iliondoa mada; watazamaji haikuweza kuwaondoa. Walibaki vitini, wakajifunza kusoma pembeni mwa hadithi. Waliwapenda zaidi waigizaji wa kike kama Bette Davis, Joan Crawford na Judy Garland. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika filamu hizo mwanamke ndiye aliyekuwa na mapenzi asiyoweza kuyatamka, ndiye aliyelia chumbani kisha akapaka poda na kuteremka ngazi akitabasamu. Mtazamaji aliyeishi hivyo kila siku ofisini na nyumbani alitambua kazi aliyokuwa akiitazama.

Mfano ulio bora ni The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Judy Garland ni Dorothy, msichana anayetoka Kansas isiyo na rangi na kutua katika nchi yenye rangi zote. Njiani anaandamana na watatu wanaojiona wamepungukiwa: mmoja anatafuta akili, wa pili moyo, wa tatu ujasiri. Dorothy hamhoji yeyote kati yao. Anawachukua kama walivyo. Kutokana na filamu hiyo, wengi wanaamini, ndipo ulipopatikana msemo "rafiki wa Dorothy". Aliyetaka kujua kama mwenziwe ni shoga alimwuliza kama ni rafiki wa Dorothy. Asiyehusika alidhani anaulizwa habari za mwanamke fulani, na hapakuwa na madhara.

Randy Shilts, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mashoga katika jeshi la Marekani, anasimulia kwamba wapelelezi wa jeshi la majini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliusikia msemo huo wakaanza kumtafuta Dorothy mwenyewe, wakidhani ni mwanamke anayewajua mashoga wote wa eneo la Chicago. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinathibitisha jambo la kiisimu: fumbo lililotungwa vizuri humlinda msemaji hata baada ya maneno yake kusikiwa na adui.

3.0 Mbwembwe na maana yake

Baadhi ya filamu zilipendwa kwa sababu zilipitiliza. Katika Sunset Boulevard ya mwaka 1950, mwigizaji aliyesahauliwa anaendelea kuishi kana kwamba kamera bado inamtazama. Katika What Ever Happened to Baby Jane? ya mwaka 1962, Davis na Crawford, waliokwisha kuzeeka, wanateseana ndani ya nyumba moja kwa madaha makubwa. Mwaka 1964 Susan Sontag aliandika insha mashuhuri juu ya ladha hiyo ya mikogo na uigizaji uliopita kiasi. Richard Dyer, katika kitabu chake cha mwaka 1986, aliongeza jambo ambalo twaliona kuwa la msingi: mashoga walimpenda Garland kwa namna alivyoyachanganya maumivu na uvumilivu, na kwa jinsi alivyokosa kutoshea katika umbo la "msichana wa kawaida" alilotengenezewa na studio.

Kwa maneno mengine, mbwembwe hufundisha kwamba hata uanaume na uanamke vina jukwaa, mavazi na mazoezi. Anayelazimika kuigiza kila siku ili asidhurike hupata faraja anapomwona mtu anayeigiza waziwazi, tena kwa fahari.

Msomaji wa Kiswahili ayalinganishe haya na taarab. Mwanamke hunyanyuka wakati wa ubeti fulani, hucheza taratibu hadi mbele, humtunza mwimbaji, kisha hurudi kitini. Hakuna jina lililotajwa, na ukumbi mzima umekwisha kujua nani kaambiwa nini. Wimbo ulitungwa na mwingine kwa sababu nyingine, yeye ameuazima. Ndivyo shoga wa New York alivyoiazima sauti ya Garland. Aidha, si ajabu kwamba watafiti wa Pwani, kama Gill Shepherd aliyeandika juu ya Mombasa mwaka 1987 na Deborah Amory mwaka 1998, waliwakuta mashoga katika shughuli za harusi na muziki, mahali ambapo sanaa ya kusema bila kutamka huthaminiwa.

4.0 Kutoka Unguja hadi London

Pwani yetu ilimtoa mtu mmoja ambaye maisha yake yanaziunganisha nyuzi hizi. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alisomeshwa Panchgani, Uhindi, akarejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen.

Kazi zake zimejaa sinema kongwe. Albamu ya mwaka 1975, A Night at the Opera, na ile ya mwaka 1976, A Day at the Races, zina majina ya filamu za vichekesho za ndugu wa Marx, za mwaka 1935 na 1937. Video ya wimbo Radio Ga Ga ya mwaka 1984 ilitumia vipande vya Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927. Mwaka huohuo, katika video ya I Want to Break Free, wanaume wanne wa Queen walivaa mavazi ya kike, naye Mercury akasukuma mashine ya kufagilia zulia huku masharubu yake yakiwa palepale. Waingereza walicheka, kwa kuwa waliujua mchezo wa televisheni uliokuwa ukifanyiwa mzaha. Marekani ilinuna.

Mercury alimsifu sana Liza Minnelli, nyota wa filamu Cabaret ya mwaka 1972. Minnelli ni binti wa Judy Garland. Mercury alifariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, na katika tamasha la kumkumbuka lililofanyika Wembley tarehe 20 Aprili 1992, aliyeongoza wimbo wa kufungia alikuwa Minnelli. Binti wa Dorothy alikuja kumwaga mtoto wa Unguja. Waliolijua fumbo hawakuhitaji tafsiri.

5.0 Fumbo linapofumbuliwa

Kumbukumbu ya Mercury haikupokelewa kwa moyo mmoja nyumbani kwake. Mwaka 2004 Zanzibar iliongeza ukali wa sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2006 jumuiya ya Uamsho ilipinga sherehe iliyopangwa kwa ajili ya mwaka wake wa 60 wa kuzaliwa. Hata hivyo, mwaka 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Mji Mkongwe.

Nchini Kenya, filamu zilizosema waziwazi zilipigwa marufuku: Stories of Our Lives mwaka 2014, Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, na I Am Samuel mwaka 2021. Rafiki iliruhusiwa na mahakama kwa siku saba tu mwezi Septemba 2018, na watu wakajaa ukumbini Nairobi. Hapa Kongo, miswada ya kuharamisha mapenzi hayo iliwasilishwa bungeni mwaka 2010 na tena mwaka 2013. Mambo haya yanatueleza kwa nini lugha ya mafumbo haijafa: kazi iliyoizaa haijakwisha.

6.0 Hitimisho

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunifuata baada ya somo, akafunga mlango, akaniuliza kama angeweza kuandika kazi yake ya kumalizia masomo juu ya maneno ambayo vijana wa mjini Goma wameyatoa katika filamu "ili waelewane wao kwa wao". Hakueleza ni vijana gani, nami sikumwuliza. Nilimwambia kwamba mada ni halali, na kwamba mambo mawili yanampasa: asichapishe neno ambalo bado linamlinda mtu aliye hai, na asikubali kwamba watu hao hawakuwapo.

Mambo hayo mawili yanavutana, na mwanahistoria wa lugha hana budi kuishi katikati yake. Akifichua yote, atakuwa sawa na wale wapelelezi wa Chicago. Akinyamaza kabisa, atakuwa ameirudisha ile kanuni ya mwaka 1934. Mwanafunzi yule aliandika juu ya Indoubil. Kazi yake ilikuwa nzuri, na ukurasa wa shukrani ulikuwa na mstari mmoja tu: aliwashukuru marafiki wa Dorothy. Wajumbe wenzangu wa jopo la watahini walidhani ni dada yake.