Kinga za sehemu ya chini ya mwili katika hoki ya barafu

Kinga za sehemu ya chini ya mwili katika hoki ya barafu ni vifaa vinavyovaliwa kuanzia kiunoni hadi miguuni ili kumkinga mchezaji na kisahani kinachopigwa, magongo, makali ya viatu na ugumu wa barafu yenyewe. Kwa mchezaji wa ndani, vifaa hivyo ni kinga ya kinena, kinga za ugoko, soksi ndefu, kaptura yenye sponji na viatu vya barafu. Golikipa huvaa kinga za miguu pana na nene zaidi, nazo huchaguliwa kwa vipimo vyake vya pekee.

Kisahani cha hoki ni kipande cha mpira mgumu chenye kipenyo cha milimita 76, unene wa milimita 25 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Kikipigwa hata na mtu asiye na nguvu za ajabu, kinaweza kuvunja mfupa usiokingwa. Hata hivyo, ligi nyingi za burudani za watu wazima nchini Kanada na Marekani hukataza kugongana kwa makusudi. Hatari zinazobaki ni kuanguka, kupigwa na kisahani kilichopotea njia, na kuchapwa na gongo la mwenzako. Kwa sababu hiyo mchezaji wa burudani hana haja ya kununua vifaa vya bei ya juu vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanaolipwa. Anachohitaji ni vifaa vinavyomkaa sawasawa, visivyoacha nafasi tupu kati ya kimoja na kingine, kwa kuwa hapo penye nafasi ndipo mwili unapoumia.

Kinga ya ugoko ndiyo inayokosewa zaidi wakati wa kununua. Ina ganda gumu la plastiki kwa mbele, sponji kwa ndani, kikombe cha kufunika goti, na mikanda ya kufungia nyuma ya mguu. Urefu wake hutajwa kwa inchi, na saizi za watu wazima kwa kawaida ni kati ya 13 na 17. Mnunuzi hukaa kitini, akakunja goti mpaka pembe mraba, kisha akapima kutoka katikati ya pia ya goti hadi ukingo wa juu wa kiatu cha barafu. Akipata sentimita 38, saizi yake ni 15. Kinga ikiwa sahihi, pia ya goti hukaa katikati ya kikombe, na ncha ya chini huishia juu tu ya kiatu bila kuzuia kifundo cha mguu kukunjika. Ikiwa ndefu mno, kila mchezaji anapoinama kiatu huisukuma juu na kikombe kuhama gotini. Ikiwa fupi, huacha ukanda wa mfupa mtupu juu ya kiatu. Wazazi wanaowanunulia watoto kinga kubwa kwa hesabu kwamba watakua huwanunulia pia kasoro hiyo ya kwanza.

Kuna wanaovaa ulimi wa kiatu nyuma ya kinga na wanaouvaa mbele yake. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kupima, maana hubadili urefu unaofaa. Mabeki, ambao hujitia mbele ya mipigo, hupendelea kinga nene na pana, na washambuliaji hupendelea nyepesi. Nyuma ya mguu, kwenye shavu, kinga huwa laini au haipo kabisa. Ndiyo maana wanaoanza hufundishwa kukielekea kisahani badala ya kukipa mgongo.

Kaptura hukinga mapaja, nyonga, kifandugu na sehemu ya figo. Huchaguliwa kwa kipimo cha kiuno, lakini urefu wake ndio unaoamua kama inafaa: ukingo wa chini unapaswa kufunika sehemu ya juu ya kinga ya goti kwa sentimita mbili na nusu hadi tano mchezaji akiwa amesimama. Baada ya hapo achuchumae na kupiga hatua ndefu, aone kama nyama ya paja inajitokeza. Mtu mrefu mwembamba hupata shida hapa, na hutafuta kaptura yenye zipu ya kuongeza urefu. Kwa anayeanza, sponji ya kifandugu ina thamani kuliko wepesi, kwani ataanguka kwa makalio mara nyingi kuliko atakavyopigwa na kisahani.

Aina nyingine ni kaptura ya ndani inayobana mwili, ambayo huvishwa gamba jepesi la nailoni juu yake. Haihamihami, ila huleta joto na ni lazima ikae barabara. Katika msimu wa 1981–82 timu ya Philadelphia Flyers ilivaa vazi la namna hiyo likiwa na suruali ndefu, lililoitwa Cooperalls, na Hartford Whalers ikafuata msimu uliofuata. Halikudumu. Nailoni iliteleza mno barafuni, na aliyeanguka alienda kwa kasi kwenye ukuta wa uwanja.

Kinga ya kinena haina mjadala. Wanaume huvaa kikombe kigumu na wanawake kinga ya nyonga iliyoundwa kwa umbo lao. Siku hizi huuzwa ikiwa imeshonwa ndani ya kaptura ya kubana yenye vipande vya velkro vya kushikia soksi.

Soksi za nje za hoki hazikingi kitu. Kazi yake ni kushikilia kinga za ugoko zisizunguke. Soksi za ndani zinazostahimili kukatwa ni jambo jingine. Februari 2013, beki Erik Karlsson wa Ottawa Senators alikatwa kano ya kisigino cha kushoto na kiatu cha mpinzani. Soksi hizo, zenye nyuzi kama Kevlar, hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na upasuaji.

Viatu vya barafu navyo ni kinga, kwa kuwa pande zake ngumu hulinda kifundo. Kwa kawaida saizi yake huwa ndogo kuliko ya kiatu cha mtaani kwa namba moja au moja na nusu, na kisigino hakipaswi kuinuka.

Vifaa vilivyotumika si vibaya. Jijini Nairobi, ambako uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari ulifunguliwa mwaka 2005, wachezaji wa timu ya hoki ya Ice Lions wametegemea sana vifaa vya msaada, kwa kuwa madukani Afrika Mashariki havipatikani kwa urahisi. Kaptura ya mtumba yenye sponji isiyobonyea ni ununuzi mzuri. Kinga ya ugoko yenye ufa haifai hata ikitolewa bure, na kikombe cha kinena kinunuliwe kipya.