Bangili za Pete na Shanga Kando ya Ziwa Mweru



Kila mgeni afikapo kwenye meza yetu ya kazi za mikono huuliza swali lile lile: ni nani aliyewafundisha akina mama kutengeneza bangili hizi? Katika taarifa moja tulisoma kwamba huu ni ufundi mpya ambao wakimbizi wamepewa. Hatukukasirika. Lakini tumeonelea kwamba toleo hili la ukumbusho ndilo mahali pa kujibu, maana wapo hata vijana wetu wanaosadiki hivyo.

Kwanza bangili yenyewe, kwa wale ambao hawajaishika. Waya wa shaba huzungushwa kwenye msumari mnene, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka uwe kama springi. Kisha springi hukatwa kwa urefu, na kila mzunguko huanguka ukiwa pete ndogo yenye mdomo. Kazi yote iko kwenye mdomo huo. Asiyejua huivuta pete kwa nje ili ifunguke, nayo hupoteza uviringo wake na hairudi tena. Anayejua hushika kwa koleo mbili, akasukuma upande mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mlango unavyofunguliwa. Akishatia ushanga na kuipitisha pete ndani ya wenzake, huufunga mdomo kwa njia ile ile mpaka kucha isiweze kupita. Shaba ikikunjwa sana hukakamaa na kukatika. Hapo hupelekwa motoni hadi iwe nyekundu, ikachovywa majini, nayo hulainika upya.

Tuseme kweli: kufuma pete hivi, moja ikapita ndani ya nyingine nne, si kazi tuliyorithi. Ni ufundi wa deraya, lile vazi la chuma la askari wa zamani wa Ulaya na Uarabuni, ambalo siku hizi watu wa huko wameligeuza kuwa pambo. Waliotuonyesha mtindo huo tunawashukuru. Lakini waya, shanga na mkono unaovijua vitu hivyo havikuja na gari la msaada.

Kule kwetu Katanga, kwenye makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mwaka 1957 wafu waliozikwa na bangili, mikufu na minyororo midogo ya shaba. Baadhi ya makaburi hayo yana miaka elfu moja. Na hapa Zambia, pale Ingombe Ilede katika bonde la mto Zambezi, mwaka 1960 yalipatikana makaburi yenye waya wa shaba, shanga za kioo na hata vyombo vya kuvutia waya. Wataalamu husema ni ya karne ya 15 au ya 16. Kwa hiyo mtu alizikwa na koleo lake, kama vile fundi wa leo angependa.

Tukija karibu na nyumbani, Livingstone alifika ziwa hili Novemba 1867, akaenda kwa Mwata Kazembe, kusini ya Nchelenge tulipo sasa. Aliandika kwamba Mwata alivaa mikononi, miguuni na kichwani mavazi ya shanga za rangi nyingi zilizopangwa kwa ustadi, na juu taji la manyoya. Anayekwenda Mwansabombwe mwezi wa saba kwa sherehe ya Mutomboko ataona shanga mwilini mwa Mwata hadi leo. Livingstone aliandika pia juu ya shaba ya Katanga, vipande vyenye umbo la herufi I, ratili 50 hadi 100 kila kimoja, ambavyo wenyeji walivivuta kuwa waya wa bangili za mikono na miguu.

Shanga zilitoka mbali zaidi. Zilitengenezwa Venice na India, zikashuka Zanzibar, zikapanda Unyanyembe vichwani mwa wapagazi. Ole wake mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa! Nyekundu, iliyoitwa samesame, ilinunua chakula nchi hii na kukataliwa nchi ya pili. Shaba nayo ilikwenda upande wa pili kwa njia hizo hizo. Ndiyo iliyomvuta Msiri kutoka Unyamwezi hadi akatawala Bunkeya, na mafundi wake Wayeke walisifika kwa kuvuta waya mwembamba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, na shaba ya Katanga ikawa mali ya mashine na treni. Wajukuu wa wavuta waya wakawa vibarua migodini.

Njia za shaba na shanga zilivuka maji haya haya. Watu wetu walizipita tena katika vita vilivyoanza 1998, wakapelekwa Mwange na Kala. Na wengi wetu tulizipita mwaka 2017, kabla makazi haya hayajafunguliwa 2018.

Tunayaandika haya pia kwa sababu ya bei. Mnunuzi anayedhani kwamba amekuta mwanafunzi hulipa bei ya waya na shanga, na siku nzima ya kufunga midomo ya pete anaihesabu bure. Akina mama wamechoka kwa hilo. Nasi kwa upande wetu tumekubaliana kwamba waya uliokatwa kwenye nyaya za umeme hauingii mezani petu, hata ukiwa rahisi namna gani.

Kuna bibi mmoja hapa aliyevuka kutoka upande wa Pweto na udodi wa mama yake umefungwa kwenye pindo la kitenge: waya mwembamba sana uliozungushwa juu ya nyuzi, umekuwa mweusi kwa kuvaliwa. Wasichana wa kikundi wameukagua mara nyingi wajue ulivyoanzwa, na bado hawajaweza. Siku ya sherehe utakuwa mezani, karibu na bangili za pete. Tafadhali msiuulize bei.