Thomas Tompion: Mwana wa mhunzi aliyeitukuza saa ya mezani

Saa ya kale ya mezani ya Kiingereza ni kisanduku cha mbao, aghalabu za abunusi, chenye mpini juu yake. Mpini huo si pambo tu. Saa ilikuwa ghali mno, hivyo mwenye nyumba aliweza kuihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani.

Fundi mashuhuri kuliko wote wa saa hizo ni Thomas Tompion. Alizaliwa mwaka 1639 katika jimbo la Bedfordshire, Uingereza, akiwa mtoto wa mhunzi. Mwaka 1671 alipokewa katika chama cha mafundi saa wa London. Miaka mitano baadaye, saa zake mbili ziliwekwa katika kituo kipya cha elimu ya nyota cha Greenwich. Kila moja ilitiwa ufunguo mara moja tu kwa mwaka.

Ilivyofanya kazi

Saa ndefu ya kusimama huendeshwa na vizito vinavyoshuka. Ya mezani haina nafasi hiyo, hivyo hutegemea kamani. Tatizo ni kwamba kamani huvuta kwa nguvu inapojazwa, kisha hulegea. Mafundi walilitatua kwa gurudumu lenye umbo la pia, lililozungushiwa uzi: kamani ikiwa na nguvu, uzi huvuta penye wembamba, ikilegea, huvuta penye unene. Hivyo mwendo haubadiliki sana.

Nyingi zilikuwa pia na kamba ya kuvuta. Usiku wa giza, mwenye nyumba aliivuta, na kengele ikamgongea saa iliyopita bila ya kuwasha mshumaa.

Jina na namba

Sifa ilileta hila. Tompion angali hai, wengine walichora jina lake juu ya kazi zisizo zake. Yeye alikuwa miongoni mwa mafundi wa kwanza kutia namba za mfululizo kwenye saa zao. Hadi leo, jina pekee halithibitishi kitu. Wataalamu hulinganisha namba, nakshi za bamba la nyuma na mitambo yenyewe.

Kuelekea mashariki

Katika karne ya 18, mafundi wa London kama George Prior walitengeneza saa zenye tarakimu za Kituruki kwa soko la Dola ya Uthmaniya. Zanzibar nako saa zilikuwa fahari ya majumba, kama alivyosimulia Bi Salme, binti wa Sultan Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Hata hivyo, Waswahili walibaki na hesabu yao: akrabu ikionyesha saba asubuhi, wao husema saa moja.

Tompion alifariki mwaka 1713, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1751, George Graham, aliyekuwa mshirika wake, alizikwa katika kaburi hilohilo.