Mkono Ulioifundisha Mashine

Chombo cha jikoni ni kama mzee wa mji. Kikitazamwa juu juu huonekana kimya, lakini kikiulizwa asili yake hueleza mambo mengi. Nililitambua neno hili kwa sababu ya keki moja iliyoharibika hapa Kware, katika Kaunti ya Kajiado.

Jirani yangu, mama mjane, huishi kwa kuoka keki, na karo ya watoto wake hutoka katika sufuria yake. Siku moja binti yake, afanyaye kazi katika nchi za Ghuba, alimletea mashine ya mkate. Hii ni sanduku la umeme lenye bakuli la chuma ndani yake, na chini ya bakuli kuna kibawa kidogo kinachozunguka. Ukitia unga, maji na hamira, hukanda, huumua na kuoka pasipo mkono wa mtu. Mama alitia humo mchanganyiko wa keki ya ubatizo, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, akaenda zake kufua. Baada ya muda wa saa tatu alitoa kitu kizito kama jiwe la machimboni.

“Mwalimu,” aliniambia kwa huzuni, “mashine hii haijui kazi. Afadhali niiuze.”

Je, mashine ilikuwa na hatia? Tuiulize historia.

Watu wa pwani walijua kuoka kabla ya umeme kufika kwao. Mkate wa mayai na mkate wa sinia hupikwa kwa makaa chini ya chombo na makaa juu ya kifuniko. Hapana saa wala kipimo cha joto. Mpishi huongozwa na pua, jicho na kiganja. Jirani yangu hutumia njia hiyo hiyo.

Huku bara, unga wa ngano una historia yenye uchungu ndani yake. Kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia ili walowezi wapate ardhi, na wengi wakasukumwa kusini, upande wa Kajiado na Narok. Lord Delamere, mlowezi aliyelima ngano Njoro, alianzisha kampuni ya kusaga nafaka iitwayo Unga mwaka 1908. Hivyo chakula ambacho leo hupamba sherehe zetu kilianza safari yake katika ardhi iliyogombaniwa.

Lakini unga peke yake hauumuki. Mkate huumuliwa na hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo mno vilavyo sukari na kutoa hewa. Kazi hiyo huenda polepole, na kinyunga lazima kikandwe sana mpaka kivutike kama mpira, kipate kuizuia hewa isitoroke. Keki ina desturi nyingine. Mwaka 1843 Alfred Bird, mkemia wa Birmingham huko Uingereza, alitengeneza unga wa kuumulia usio na hamira, kwa kuwa mke wake alidhurika kila alapo chakula chenye hamira. Ndani ya unga wa namna hiyo mna soda na kitu kikali cha jamii ya ndimu. Vikikutana na majimaji hutoa hewa papo hapo. Soda hiyo ni ndugu wa magadi, yale magadi yajazayo Ziwa Magadi katika kaunti yetu hii. Basi keki haitaki kukandwa wala kungojewa. Ukiikanda, hukakamaa, ukiingoja, hewa yake hutoweka.

Sasa twaweza kuhukumu. Kitufe alichobonyeza mama kilikuwa cha mkate. Mashine ilitii amri: ilikanda, ikangoja, ikakanda tena, mpaka keki ikafa kabla ya kuonja moto.

Tena mashine yenyewe ilizaliwa kwa kushindwa. Mwaka 1985 mafundi wa kampuni ya Matsushita katika mji wa Osaka, Japani, walikuwa wakijaribu kuitengeneza. Mkate wao uliungua ganda huku ndani ungali mbichi. Walipima kila kitu, wasione kosa. Ndipo mtengenezaji wa programu mmoja, Ikuko Tanaka, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mji huo aliyesifika kwa mkate wake. Alitazama mikono ya mzee wa kazi, akang'amua kwamba haikuvuta kinyunga tu, bali pia ilikisokota. Kwa muda wa mwaka mzima yeye na wahandisi walijaribu na kubadili, wakaongeza mbavu ndani ya mashine, hata nayo ikaweza kusokota kama mkono ule.

Nilipomsimulia mama habari hii, alinyamaza kidogo, kisha akacheka. “Kumbe nayo ilikuwa na mwalimu!” alisema. Tulifungua kijitabu kilichokuja na mashine, tukakiona kitufe cha keki, ambacho huchanganya kwa muda mfupi na kuoka. Safari hii alipiga mayai kwa mkono wake, akasimama karibu, akanusa. Keki ilitoka laini, imeumuka vizuri. Hata hivyo sufuria yake hakuitupa, maana umeme hukatika bila hodi.

Vijana, kila mashine mtakayoikuta duniani ina mkono wa mtu aliyeifundisha. Mwenye kuujua ufundi wa mkono huo huitawala mashine. Asiyeujua hubonyeza kitufe na kungojea bahati, kisha hulaumu chuma kwa kosa lisilo lake.