UNATOKA MUZE UNAKWEA PIPA? SOMA KWANZA HII YA VIMIMINIKA NA VITU VYA DIUTI FRII

Wadau, hasa nyie madogo mnaoshinda kafe pale Sumbawanga mkijaza fomu za visa na za vyuo, hii ni yenu. Ichapishe, ikunje, weka mfukoni.

Tiketi ikishatoka kwenye printa, habari inashuka Ntendo mpaka Muze, inaenda Mtowisa na Ilemba, na ndugu wanaanza kuleta. Bi mkubwa analeta asali kwenye chupa ya maji ya lita 1 na nusu. Shangazi analeta samli. Mjomba wa kule juu uwandani anatoa mafuta ya alizeti. Na kwa kuwa vitu hivi vina thamani kuliko nguo zote ulizofungasha, unaviweka wapi? Kwenye begi la mkononi, usije ukavipoteza! Hapo ndipo vinapopotelea. Begi kubwa lenye masweta linafika salama, asali ya mama inabaki kwenye pipa la takataka uwanjani Dar.

Sheria yenyewe ni fupi. Ndege ya kimataifa, begi unaloingia nalo ndani: kimiminika chochote kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vikae kwenye kifuko kimoja kinachoonyesha, chenye zipu, kisichozidi lita 1. Kila abiria kifuko kimoja. Basi.

Wengi wanaumbuka kwenye neno "chombo". Wanaangalia ukubwa wa chupa ulioandikwa, siyo kilichomo. Chupa ya mililita 250 yenye losheni ya kidole kimoja tu chini bado ni chupa ya mililita 250, itatupwa. Na "kimiminika" kwao siyo maji na soda peke yake. Asali imo, samli imo, siagi ya karanga, chachandu, mtindi, dawa ya meno, mafuta ya mgando ya kupaka, jeli ya nywele, manukato ya kupuliza. Ukijiuliza kitu kama kinamwagika, kinapakwa au kinapulizwa na jibu likawa ndiyo, kihesabu. Sabuni ya kipande haimo. Karanga za kukaanga hazimo. Unga haumo, ila kama unaenda Marekani, tangu Juni 2018 unga au poda inayozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi inaweza kufunguliwa na kukaguliwa zaidi, na wasipoelewa ni nini wanaiacha. Kwa hiyo ulezi wa uji nao uende begi kubwa.

Kuna watu wanadhani hii ni roho mbaya ya askari wa uwanjani. Siyo. Desemba 1994 ndege ya shirika la Philippine Airlines ilikuwa inatoka Cebu kwenda Tokyo, bomu dogo likalipuka chini ya kiti na kumuua abiria mmoja Mjapani. Aliyelitega, Ramzi Yousef, alipitisha mlipuko wa maji kwenye chupa ya dawa ya kusafishia lenzi za macho. Rubani alifanikiwa kutua. Dunia ikashtuka kidogo, halafu ikasahau.

Tarehe 10 Agosti 2006 ndiyo ilibadilisha kila kitu. Polisi wa Uingereza waliwakamata vijana waliokuwa wanapanga kulipua ndege kadhaa zinazotoka London kwenda Marekani na Kanada. Silaha yao ilikuwa chupa za vinywaji vya kawaida, Lucozade na Oasis, ambazo wangezijaza mchanganyiko wa kemikali. Siku hizo za mwanzo pale Uingereza hata begi la mkononi lilipigwa marufuku, na kina mama walitakiwa waonje maziwa ya watoto wao mbele ya mkaguzi. Septemba 26 mwaka huohuo Marekani wakatoa kanuni ya chupa ndogo, Novemba 6 Ulaya nao wakaanza na mililita 100, na shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga likazitaka nchi wanachama zifuate kufikia Machi 2007. Viongozi watatu wa njama ile walitiwa hatiani Septemba 2009. Chupa ya bi mkubwa inatupwa kwa sababu mashine nyingi za zamani haziwezi kutofautisha asali na kitu kingine chochote cha maji.

Sasa tuiokoe asali. Dawa yake ni moja, iende kwenye begi kubwa unalokabidhi kaunta. Ila kuna mambo mawili.

La kwanza uzito. Asali ni nzito kuliko maji, lita 1 inakaribia kilo 1.4. Dumu dogo la lita 5 ni kilo 7, na mashirika mengi yanakupa kilo 23 kwa begi. Kabla hujaweka viatu umeshakula karibu theluthi. Mafuta ya alizeti ni mepesi kidogo kuliko maji, lakini dumu la mafuta kuna mashirika hayalipendi kabisa hata kwenye begi la chini, uliza kabla.

La pili ni kuvuja, na hapa watu wa Muze mna maabara yenu ya bure. Siku ukiwa Sumbawanga kunywa maji ya chupa, umalize, funga kizibo kwa nguvu, panda gari ushuke bondeni. Ukifika Muze chupa imebonyea kama imekaliwa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Rukwa liko kama mita 800, hewa ya bondeni inabana zaidi. Ukipanda nayo kutoka Muze inakuwa kinyume, chupa inavimba. Ndege ikiwa angani, mgandamizo wa hewa ndani yake ni kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kwa lugha ya nyumbani, abiria wote wamekaa uwandani Ufipa hata kama wako juu ya bahari. Chupa uliyoifunga Dar, pwani kabisa, inavimba humo, na hewa iliyobaki juu ya asali inaisukuma itokee kwenye kizibo. Ndiyo maana unafungua begi unakuta masweta yanalambika.

Kwa hiyo: chupa ya plastiki ngumu, ikamue hewa itoke ndipo ufunge, zungushia kizibo gundi ya karatasi ya nailoni, ifunike na kitambaa, itie kwenye kopo au sufuria yenye mfuniko, iweke katikati ya nguo. Asali iwe imeiva. Asali mbichi yenye maji mengi inachachuka, inatoa gesi yake yenyewe, na hiyo haihitaji hata ndege ili ipasuke.

Halafu kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Kuruhusiwa kwenye ndege siyo kuruhusiwa kuingia nchini. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamruhusu msafiri asali ya kula mwenyewe isiyozidi kilo 2, hiyo haifiki hata lita 1 na nusu. Nyama na vitu vya maziwa kutoka huku kwetu hapana, kwa hiyo samli ya shangazi inakamatwa hata ukiifunga kwa chuma. Mwambie mapema, kwa heshima, aiuze akupe nauli. Kila nchi ina orodha yake, isome kwenye tovuti ya forodha ya huko unakokwenda wakati bado una dakika zako hapo kafe.

Kile kifuko cha zipu nacho kimezua maswali, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Katazo lile lilikiacha kifuko hiki kwa ajili ya vipodozi vya msafiri. Ruksa kuwa nacho, ila ndicho hicho ukitunze urudi nacho. Kitafute mapema, usisubiri kukitafuta foleni imeshakufikia.

Haya, diuti frii. Yale maduka yanayong'aa ukishavuka ukaguzi na pasipoti. Maana yake bidhaa haijalipiwa ushuru wa nchi hiyo kwa kuwa unatoka nayo. Haina maana kwamba ni rahisi, kuna manukato utayakuta Kariakoo kwa bei ya chini. Wala haina maana kwamba hutalipa ushuru unakoenda.

Kinachowavuruga watu ni mililita 100. Mbona duka linauza chupa ya lita 1 ndani ya uwanja? Kwa sababu umeshapita mashine, na bidhaa za dukani zimeingia kwa utaratibu wake. Kama unapanda ndege moja moja kwa moja, hakuna tatizo, pita nayo. Tatizo ni ndege ya kuunganisha. Unanunua Dar, unabadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na pale kwenye kubadilisha unapitishwa mashine upya. Sasa chupa yako ya lita 1 ni kimiminika kama vingine.

Ndiyo maana muuzaji anaitia kwenye mfuko maalumu unaoonyesha, wenye mpaka mwekundu, na risiti inaonekana ndani. Ukifunguliwa hata kidogo unaonyesha alama. USIUFUNGUE. Hata kuwaonyesha washikaji. Ulaya wanaukubali mfuko huo kutoka viwanja vya nje tangu Januari 31, 2014, kwa masharti kwamba upite mashine yao. Sehemu nyingine mkaguzi ana uamuzi wake. Njia isiyo na presha ni kununua kwenye uwanja wa mwisho kabla ya kufika, siyo wa kwanza.

Anayeenda Marekani akumbuke hili: uwanja wa kwanza anaotua huko anachukua mabegi yake yote, anapita forodha, anayakabidhi tena kwa ndege ya ndani. Hapo katikati ndipo pa kuitumbukiza ile chupa kwenye begi kubwa. Na wewe unayerudi nyumbani ni hivyohivyo. Ukitua Dar ukiwa na ndege ya ndani ya kwenda Songwe, unachukua mzigo, unatoka jengo la tatu, unaenda kukaguliwa upya. Chupa ishuke kwenye begi kubwa kabla ya hapo, halafu Mbeya unapanda basi la Tunduma na Laela bila wasiwasi.

Pombe ina hesabu yake. Isiyozidi asilimia 24, kama bia na mvinyo, kwenye begi kubwa haina kikomo cha usalama, ni uzito wako tu. Kuanzia hapo hadi asilimia 70, mwisho lita 5 kwa mtu, na iwe kwenye chupa yake ya dukani. Konyagi ni asilimia 35, inaingia humo. Zaidi ya 70 haipandi ndege kabisa. Gongo usiiguse: haina chupa ya dukani, hakuna anayejua nguvu yake, na hapa nyumbani kwenyewe ni kosa. Waendao Saudi Arabia, Kuwait na Qatar wasiingie na pombe ya aina yoyote, hata ya diuti frii. Na ile uliyonunua usiinywe ndani ya ndege, mashirika hayaruhusu ujimiminie mwenyewe.

Maziwa ya mtoto na dawa za maji unazohitaji njiani vinaruhusiwa kuzidi mililita 100. Vitoe, vionyeshe, uwe na cheti cha daktari. Lakini dada zangu mnaokwenda Falme za Kiarabu, angalieni dawa ya kifua yenye kodeini, na vidonge vya tramado. Kule vinadhibitiwa kama dawa za kulevya, kibali kinaombwa kabla ya safari. Usipite famasi ukabeba tu kwa kuwa unakohoa.

Ukirudi, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa bila ushuru pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, manukato jumla nusu lita, tumbaku gramu 250. Ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Ukizidisha, tamka mwenyewe ulipie. Kukutwa nayo ni hadithi nyingine.

Mtasikia pia kwamba mililita 100 imekufa. Ni kweli nusu nusu. Kuna mashine mpya zinazopiga picha ya begi pande zote, na Edinburgh kule Scotland waliachia mwaka 2025, chupa hadi lita 2. Lakini Uingereza hiyohiyo iliwahi kulegeza halafu ikarudisha kanuni Juni 2024, na Ulaya wakafanya hivyo Septemba 2024. Safari yako ina viwanja viwili au vitatu, na kile chenye mashine ya zamani ndicho kinachoamua. Funga kwa mililita 100.

La mwisho, na hili sitanii. Pale uwanjani atatokea mtu mzuri, Mswahili mwenzio, anakuita mdogo wangu. Begi lake limezidi uzito, anaomba umbebee chupa mbili za mafuta ya nywele, au umchukulie diuti frii yake maana ameshafikisha kiwango. Mwambie hapana. Kilichomo kwenye chupa yake hukukiona kikitiwa, na begi likifunguliwa ni lako, jina ni lako, pasipoti ni yako. Maji ya dawa za kulevya hayana tofauti na mafuta ya nywele kwa kutazama, na kuna nchi kosa hilo linanyongewa.